Mwana Kupona na Lawino: nalinganishaje bila kuorodhesha tu?

Mwanachuo wa Mbale aliuliza:

Salaam kwenu walimu wangu na ndugu wasomaji.

Ninasomea ualimu wa Kiswahili na fasihi hapa Mbale, na muhula huu tumepewa insha ya fasihi linganishi inayotutaka tuchague kazi mbili za zama na tamaduni tofauti, kisha tuchunguze jinsi dhamira moja inavyojitokeza katika kila kazi na jinsi mtindo wa mtunzi unavyoibeba dhamira hiyo. Nilichagua Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 katika visiwa vya Lamu, na Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek, mshairi Mwacholi wa Uganda, uliochapishwa kwa Kiingereza mjini Nairobi mwaka 1966. Huu wa pili ninausoma katika tafsiri ya Kiswahili ya Paul Sozigwa, kwa sababu Kiacholi sikijui. Mimi ni binti wa Kigisu, baba yangu alikuwa askari, na Kiswahili changu cha kwanza nilikiokota katika kambi za jeshi kabla sijakutana nacho vitabuni.

Niliona nimechagua vizuri, maana tungo zote mbili ni ndefu, zote zinasemwa na mwanamke aliyewahi kuolewa, na zote zinahusu ndoa. Nikachora jedwali la safu mbili, nikaandika upande wa kushoto ndoa, dini, mapambo, malezi, mila, kisha nikajaza mifano kila upande mpaka kurasa kumi zikatimia. Insha ilirudi ikiwa na maneno mawili kwa wino mwekundu: "Umeorodhesha. Hujalinganisha." Alama zenyewe naomba nisizitaje. Nilipomfuata msahihishaji ili anieleweshe, aliniambia nikazisome upya kazi hizo, basi.

Naomba mnisaidie kuelewa tofauti iliyopo kati ya kuorodhesha na kulinganisha. Naomba pia mniambie iwapo ni haki kuziweka bega kwa bega kazi mbili zilizopishana kwa zaidi ya miaka 100, ilhali moja inamfundisha mke kumtii mume na nyingine inamsuta mume hadharani. Mwenzangu mmoja ameniambia kwamba Mwana Kupona "amepitwa na wakati" na Lawino "ni wa kisasa", nami nahisi kauli hiyo ina kasoro, ila siwezi kuieleza.

Mwalimu wa Gulu alijibu:

Binti yangu, pole kwa alama, lakini msahihishaji hakukuonea. Jedwali lako linajibu swali la "mna nini ndani", na swali hilo hujibiwa kwa kazi moja moja. Hata ukiificha safu ya pili, safu ya kwanza itaendelea kusimama yenyewe bila kupungukiwa na chochote. Ulinganisho wa kweli unaanza pale ambapo jambo fulani katika kazi ya kwanza lisingeonekana kabisa kama usingeisoma ya pili. Dhamira kama "nafasi ya mwanamke" ni pana mno, utaikuta kila unapofungua kitabu, na kwa sababu hiyo haikusaidii kuona lolote.

Mimi huwashauri wanafunzi wangu waiweke dhamira kando kwanza, waulize nani anamwambia nani, akiwa wapi, na kwa nini asiseme jana au kesho. Mwana Kupona ni mjane wa Bwana Mataka, shehe wa Siyu aliyepambana kwa miaka mingi na Seyyid Said wa Unguja. Anaumwa, maradhi yamemshika kwa mwaka mzima, na anayezungumza naye ni mtu mmoja tu, binti yake Mwana Hashima, chumbani. Lawino naye analia mbele ya ukoo wake mzima. Anamwita mume wake Ocol, anawaita ndugu zake, anawageukia wasikilizaji, na ingawa maneno mengi yameelekezwa kwa Ocol, ni dhahiri kwamba anataka wengine wasikie. Wa kwanza anatoa wasia na wa pili anafungua mashtaka. Hizo ni tanzu mbili za usemi zenye adabu tofauti, na kila tofauti utakayoiona baadaye katika lugha ina mzizi wake hapo.

Sasa nikuoneshe kitu kimoja kwa karibu, maana maelezo ya jumla hayatakufikisha mbali. Fungua ubeti wa tatu wa utendi:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Mama anamwita binti yake asogee mbele, aketi, na aje na wino na karatasi. Ukipita hapo ukiwa na jedwali lako hutaona kitu, kwa kuwa wino na karatasi si "ndoa" wala "mapambo". Kisha nenda kwenye sura ya Lawino inayoieleza nyumba ya mume wake kuwa msitu wenye giza wa vitabu. Humo Lawino analia kwamba mumewe amepotelea katika msitu huo, na kwamba vijana wote wameishia madarasani, uume wao ukapondwa kwa vitabu vikubwa. (Niwie radhi kwa neno, ila Okot mwenyewe ametumia kali zaidi, na darasa langu hucheka kila mwaka nifikapo hapo.)

Weka maandiko haya mawili pamoja uone linalotokea. Kwa mwanamke wa Kiswahili wa mwaka 1858, karatasi ni chombo cha nyumbani: mama anaijua, binti anaijua, na ndiyo itakayomwezesha mama kuendelea kusema baada ya kuzikwa. Kwa Lawino wa karne ya 20, karatasi ni kitu kilichomnyang'anya mume. Mwenzako anayesema kwamba wa zamani ni wa giza na wa sasa ni wa nuru amekwama hapa, kwa kuwa aliyetangulia kwa zaidi ya miaka 100 ndiye mwenye wino mkononi. Wala sababu si kwamba Waswahili walikuwa na akili kuliko Waacholi. Sababu ni njia ambayo maandishi yalipita: kule Lamu hati za Kiarabu zilikuwa zimekaa karne nyingi, zikiambatana na chuo cha Kurani, hivyo kusoma hakukumtenga mtu na mama yake. Huku kwetu maandishi yalikuja kwa kasi pamoja na dini mpya na serikali mpya. Wamishenari wa Kianglikana walifika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, mwaka 1877, na ingawa Mutesa mwenyewe alikwisha kujifunza hati za Kiarabu kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani, kilichosambaa nchini ni kusoma kwa misheni. Katika Kiganda mpaka leo kitenzi kimoja, okusoma, kinabeba maana ya kusoma kitabu na ya kwenda kuabudu. Aliyesoma alikuwa amehamia upande mwingine, na Ocol ni mtoto wa uhamaji huo.

Hapo ndipo una dhamira, tena nyembamba ya kutosha kuandikiwa kurasa kumi: maandishi kati ya vizazi, au maandishi ndani ya ndoa, lipi utaamua mwenyewe. Imetokana na vitu viwili unavyoweza kuvionesha kwa kidole, karatasi ya mama na vitabu vya mume, na kila kimoja kinakufanya ukitazame upya kingine.

Mwanachuo wa Mbale aliandika:

Asante sana, Mwalimu. Nina aibu kukiri jambo moja. Katika insha yangu niliandika kwamba Mwana Kupona alimwagiza binti yake alete ndoo. Nilijua kabisa kuwa ni ndoo ya maji, nikaeleza hata kwamba huenda mama alitaka kutawadha kabla ya kutoa wasia. Sikufahamu kwamba katika Kiamu, lahaja ya Lamu, "ndoo" ni "njoo" na "mbee" ni "mbele".

Mpenda Vina, Kampala, alijibu:

Usione aibu, dada. Mimi mwenyewe nilihangaika muda mrefu na "negema" ya ubeti wa kwanza, mpaka Mswahili mmoja wa Mombasa aliyekuwa na duka huku Kisenyi aliponiambia kwamba ni "njoo karibu", na kwamba "mchachefu wa sanati" ni mtu ambaye miaka yake ni michache. Tangu siku hiyo huwa sianzi kuandika juu ya utungo wa zamani kabla sijaufasiri wote kwa maneno yangu, ubeti kwa ubeti, katika daftari ambalo hakuna atakayelisahihisha.

Mwalimu amegusa mno dhamira, nami naomba nisimame upande wa mtindo, kwa sababu swali la insha linautaka na wengi huumalizia kwa sentensi moja: kwamba utendi una vina na mizani, ilhali Lawino ni shairi huru. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Utendi huu una beti 102, kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane. Hesabu mwenyewe "na-wi-no-na-ka-ra-ta-si" utazipata. Vipande vitatu vya kwanza vina kina chao, na cha nne kinarudi kwenye kina kile kile cha mwisho ambacho utakikuta tangu mwanzo wa utendi hadi tamati. Mizani nane ni pumzi fupi. Haikupi nafasi ya kubishana, inakulazimisha useme jambo, ulifunge, uende mbele, na ndiyo maana inafaa kwa wasia na ndiyo maana watu waliweza kuuhifadhi moyoni. Wanawake wa pwani waliunakili, waliukariri na kuuimba, kwa hiyo wino aliousema Mwalimu haukuiua sauti. Usije ukaandika kwamba utendi ni andiko na Lawino ni mdomo, ukadhani umemaliza.

Kwa upande wa Lawino, kabla hujaandika neno "mtindo", jiulize ni mtindo wa nani. Okot alitunga kwa Kiacholi, kisha akatafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, na ni Kiingereza hicho kilichotangulia kuchapishwa mwaka 1966, huku Wer pa Lawino ya Kiacholi ikitoka mwaka 1969. Katika maneno yake ya mwanzo alikiri waziwazi kwamba kwa kutafsiri amepunguza mbawa za tai, ameutia kutu upanga wa shujaa, na ameua mapigo na vina. Basi hicho unachokiita "shairi huru" ni kile kilichobaki baada ya vina kuuawa na mtunzi mwenyewe. Mwandishi Taban lo Liyong hakuridhika na tafsiri hiyo, akatoa yake hapa Kampala mwaka 2001. Wewe unasoma Kiswahili cha Sozigwa, yaani sauti ya Lawino imepita milango miwili au mitatu kabla ya kukufikia. Tena tafsiri hiyo ilitoka katika miaka ya 1970, wakati ambapo washairi wa Kiswahili walikuwa wakigombana vikali iwapo utungo usio na vina unastahili kuitwa shairi, ugomvi uliopamba moto hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi, diwani yake ya mashairi yasiyo na vina, mwaka 1974. Msomaji wa Kiswahili wa wakati ule aliyekifungua kitabu cha Sozigwa alikutana na wimbo wa mwanamke wa kijijini anayetetea mila, ukiwa umevaa umbo ambalo wahafidhina wa Kiswahili waliliona kuwa uasi wa vijana wa chuo kikuu. Kwangu hilo ni jambo tamu kuliko jedwali zima.

Kama unaona nakuza jambo la tafsiri, mtazame Nyerere. Tamthilia ya Shakespeare ambayo jina lake la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja, yeye aliitoa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi: mfanyabiashara amekuwa bepari, na mmoja amekuwa wengi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Hadithi ni ya karne ya 16, ila neno moja tu la jalada limeiingiza katika mjadala wa Tanzania ya wakati huo. Wanaolinganisha zama na tamaduni wakisahau kwamba mfasiri naye ana zama zake na utamaduni wake, hulinganisha vivuli.

(Nje kidogo ya mada: hapa Makerere, Juni 1962, walikutana waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza, na mwezi huo huo Shaaban Robert akafariki dunia bila ya kualikwa, kwa kuwa lugha yake haikuwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyealikwa akiwa bado mwanafunzi, ameliandikia jambo hilo kwa uchungu. Nami hulikumbuka kila ninapoona mwanafunzi wa Uganda akimweka Mwana Kupona na Lawino katika insha moja ya Kiswahili.)

Mwalimu wa Gulu alijibu:

Nakubaliana na Mpenda Vina kuhusu tafsiri, ila asimwache binti akiamini kwamba kila kitu cha Lawino kimefia njiani. Kejeli imevuka salama. Ukitaka kujua ilikotoka, njoo huku kwetu uone larakaraka, ngoma ya vijana. Wavulana wanashika vibuyu vilivyopasuliwa nusu na kuvigonga kwa spoki za baiskeli, na nyimbo zake zinamtaja mtu, zinamvua nguo kwa maneno, na mtajwa hana ruhusa ya kukasirika. Okot alikusanya nyimbo nyingi za Kiacholi na kuzichapisha mwaka 1974. Ukizisoma utaona kwamba Lawino anapoufananisha mdomo wa Clementine, mwanamke mwingine wa Ocol, uliopakwa rangi na mdomo wa paka-mwitu aliyeuchovya katika damu, anatumia silaha ambayo kijiji kizima kinaijua. Anaimba wimbo wa ngoma, na katika wimbo wa ngoma matusi ni kanuni ya mchezo.

Mwana Kupona hangeweza kufanya hivyo hata kama angetaka, kwa sababu utanzu wake haumruhusu. Mtu anayeaga dunia hamtanii mtu. Anaposema kwamba kiumbe anahitaji radhi tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume, anapanga ngazi, na sauti yake imetulia kama ya mtu anayegawa mirathi. Wasomaji wengi wa leo huishia kwenye radhi ya tano na kumhukumu. Mimi nasema soma kwanza hali yake: mumewe amekufa, yeye mwenyewe yu mahututi, na binti anabaki peke yake katika dunia ya wenye nguvu. Anamwachia maarifa ya kuishi humo. Waweza kutoyapenda maarifa hayo, nami baadhi yake siyapendi, lakini hukumu yako ije baada ya kuelewa, na iandike kama hukumu yako wewe wa leo, usiivishe karne ya 19.

Mzaliwa wa Pader alijibu:

Nimewafuatilia kimya, na naomba niongeze jambo moja kuhusu boga, kwa kuwa nashangaa hakuna aliyelitaja.

Methali inayobeba Wimbo wa Lawino ni ile ya Kiacholi isemayo "te okono obur bong luputu". Wanafunzi wengi huifasiri kwamba boga la nyumbani lising'olewe, wakamaliza kwa kusema inahusu kuhifadhi mila. Neno lenye uzito hapo ni "obur", ambalo si nyumba wanamoishi watu. Ni uwanja wa nyumba ambao watu wamekwisha kuuhama, yale ambayo Waswahili huyaita mahame. Methali inamwambia mtu anayepita kwenye mahame, pengine hata si yake, asiling'oe boga analolikuta.

Maana hiyo niliijua kwa miguu yangu kabla ya kuijua kwa kitabu. Vita vilipozidi, serikali ilituweka kambini kuanzia mwaka 1996 kama ilivyowaweka watu wengine wa kaskazini, ambao hatimaye walizidi milioni moja na nusu. Tulirudi baada ya mazungumzo ya amani ya Juba. Siku ambayo baba alitupeleka kuutafuta uwanja wetu, nyasi zilikuwa zimenipita kimo, na yeye mwenyewe alisimama mahali pasipo penyewe akisisitiza kuwa ndipo. Mama ndiye aliyeutambua, kwa jiwe la kusagia lililokuwa limezama nusu ardhini. Karibu na jiwe hilo mboga ya boga ilikuwa imetambaa pande zote bila ya kupandwa na yeyote. Jioni ile tulikula majani yake kwa odii, yaani rojo ya ufuta, tuliyokuwa tumebeba kutoka kambini.

Ninaleta habari hii kwa sababu mahame ni taswira iliyoko pia katika fasihi ya Kiswahili, nayo inafundisha kinyume. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauonesha moyo wake magofu ya Pate: majumba yamekuwa matupu, makinda ya popo yananing'inia juu, ndege wamelala katika madaka yaliyokuwa ya kupangia sahani, na bundi anakoroma ndani. Washairi wa Kiarabu wa kabla ya Uislamu nao walizoea kuzianza kasida zao wakiwa wamesimama kwenye kambi iliyohamwa na mpenzi, wakilia. Mwarabu analia kwa ajili ya aliyeondoka, mshairi wa Pate anauambia moyo uachane na dunia kwa kuwa yote yataishia hivi, na Mwacholi anamwambia apitaye asiling'oe boga, kwa kuwa wenyewe huenda wakarudi wakiwa na njaa. Mahame ni yale yale, ila kila mmoja anayatazama akiwa na safari yake.

Mwanachuo wa Mbale aliandika:

Ndugu yangu wa Pader, nimeisoma habari yako mara mbili, na sasa natamani kubadilisha mada yote niandike juu ya mahame. Je, niunganishe Al-Inkishafi na Lawino badala ya Mwana Kupona? Au niweke zote tatu?

Mpenda Vina, Kampala, alijibu:

Usiweke tatu. Kazi mbili katika kurasa kumi zinatosha kukutoa jasho, na ya tatu itakurudisha kwenye jedwali. Mahame ni mada nzuri na hayatahama. Yahifadhi kwa ajili ya tasnifu yako ya mwisho. Kwa sasa wino na vitabu unavyo, na tayari umekwisha kuviona kwa macho.

Mwalimu wa Gulu alijibu:

Naunga mkono. Tena Al-Inkishafi ina mizani 10 kwa kila kipande na Kiamu chake ni kigumu kuliko cha Mwana Kupona. Ukiuingia ukiwa na haraka utakutana na ndoo nyingine.

Mwanachuo wa Mbale aliandika:

Nimewasikia. Nimeandika aya ya kufungulia, naomba mniambie kama imekaa sawa:

"Mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu, mama mgonjwa anamwagiza binti yake asogee na wino na karatasi ili aandike wasia. Zaidi ya karne moja baadaye, katika Uacholi, mwanamke mwingine anasimama mbele ya ukoo wake na kulalamika kwamba mume wake amepotelea katika msitu wa vitabu. Insha hii inachunguza kwa nini maandishi, ambayo katika utendi ni uzi unaomfunga mama na mwanawe, katika wimbo yamekuwa kichaka kinachomtenga mume na mkewe, na jinsi utanzu wa wasia na utanzu wa wimbo wa kejeli unavyoamua namna ya kulisema jambo hilo. Kwa kuwa Wimbo wa Lawino uliandikwa kwa Kiingereza na baadaye ukatafsiriwa kwa Kiacholi na Kiswahili, maelezo yangu ya mtindo yatahusu taswira na kejeli zaidi kuliko vina."

Mwalimu wa Gulu alijibu:

Sentensi tatu za kwanza ziache kama zilivyo. Ya nne ina kosa litakalokupotezea alama: wimbo haukuandikwa kwa Kiingereza kwanza, ulichapishwa kwa Kiingereza kwanza. Kiacholi ndicho mama, japo kitabu chake kilitoka miaka mitatu baadaye. Taja pia jina la mfasiri wa Kiswahili papo hapo, usisubiri ukurasa wa mwisho. Na kila utakapolinukuu neno la Lawino ambalo hoja yako inalitegemea, mtafute Mwacholi hapo Mbale, hawakosekani, akusomee Kiacholi chake kwa sauti usikie kama neno hilo lina uzito uliodhani.

Mwanachuo wa Mbale aliandika:

Nimesahihisha, Mwalimu. Kuna muuza samaki wa Kiacholi pale sokoni ambaye mama yangu humwita dada. Kesho asubuhi nitampelekea sura ya vitabu.